Binti Yangu Ametupatanisha, Sasa Hatusemezani

Mshauri mpendwa, nisaidie mwenzio, nimekwama. Mimi ni fundi cherehani, nashona na wifi yangu kwenye veranda moja, yeye anakata mimi naunga, na miaka yote tunagombana asubuhi, yeye ananiambia "mikono yako kama miguu," mimi namwambia "na mdomo wako hauna breki," ikifika chai tumeshasahau, sasa binti yangu karudi likizo, yuko chuo anasoma uhusiano wa kimataifa, mwaka wa kwanza, na moyo wangu unajaa nikimsikia anavyotamka maneno mazito, basi juzi wifi kaisahau pasi ikaunguza kola ya mteja, tukaanza, binti akajitosa katikati, "Mama! Shangazi! Sitisheni mapigano!" akachora mstari wa chaki katikati ya veranda, eti mpaka, pasi ikakalishwa kwenye kigoda juu ya mstari, eti eneo lisilo na upande, na hakuna kusemezana, kila neno lipitie kwake yeye balozi, nikitaka mkasi anamgeukia wifi anasema, "Upande wa pili unaomba mkasi," kisha ananigeukia, "Ombi linafikiriwa," na wifi mwanzoni alicheka, sasa hacheki, jana nimemsikia anamuuliza fundi wa jirani kama ana nafasi ya meza, mshauri, akiondoka nani atanikatia kola, nani atanitukana asubuhi, lakini nikifuta chaki nitamvunja moyo mtoto, na mimi niliyeishia darasa la nne nitamwambia nini msomi?

Mama wa Mpakani

Mama wa Mpakani, pole, ila na wewe umezidi. Mtoto yuko kwenye utangulizi wa somo, wewe umeshamkabidhi dunia nzima! Msifie, maana kelele zilikoma. Halafu mwambie kazi ya balozi ni kuwafikisha wakubwa mezani, si kukalia meza yao. Atadhani neno hilo umelitoa kitabuni, mwache adhani.

Kesho usitume mtu. Chukua vikombe viwili vya chai, vuka mwenyewe, ikanyage hiyo chaki makusudi, umwambie wifi yako, "Kola tuishone upya, usiniache." Maneno hayo hayo, usiyapambe. Binti mtume kwa mteja akaombe radhi. Huko ndiko nchi za nje, akafanye mazoezi.

Na wifi akikujibu kwamba mikono yako kama miguu, shusha pumzi, kaa, kunywa chai yako. Uhusiano umerejea.