Pumzi ya Kaka Yako

Nyumbani,
chumba cha nyuma.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa wifi yangu,

Sijamaliza hata kuandika siku, mtoto wetu Kijiko amejifunika sufuria kichwani, akakaa chini ya meza, akaanza kuhema. Polepole, kwa kukwaruza, na kamluzi kadogo mwishoni. Kalamu ikanisimama. Wewe unajua ni nani aliyekuwa akihema hivyo humu ndani. Nimemvua sufuria, nikambusu utosini, sasa anailamba.

Haya, tuanze upya kama watu. Hujambo, wifi? Baridi ya huko imepungua? Na mgongo je, na hizo zamu za kusimama kutwa? Sisi tu wazima. Mama miguu inamsumbua asubuhi, ila mdomo haujambo, bado ananikosoa ninavyokunja shuka.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli kaka yako yumo kwenye sinema, simu ikakatika. Yumo, wifi, ila humwoni.

Alichukuliwa kama fundi seremala tu, ajenge chombo cha anga ndani ya ghala. Ungecheka. Milango ya friji mbovu, mapipa ya mashine za kufulia, trei za mayai zilizopakwa rangi ya fedha. Lakini taa zikiwaka ukiwa humo ndani, unasahau kama nje kuna barabara. Hadithi yenyewe ni ya mwanaanga aliyeachwa peke yake huko juu, hewa inamwishia, naye anahangaika arudi kwa mtoto wake.

Muigizaji ni kijana mwenye afya zake. Akiambiwa aheme kama mtu anayekosa hewa, anahema kama aliyekuwa akifukuza kuku. Siku moja kaka yako akaivaa ile helmeti ya mwanaanga aone kama kioo kinafunga sawasawa, na maiki ya ndani ilikuwa imesahauliwa wazi. Fundi sauti, ambaye wote wanamwita Masikio, akapiga kelele kutoka chumbani kwake kwamba hapo hapo, usibadilishe. Kumbe muigizaji yuko nje anakunywa chai. Kile kifua kilichojaa vumbi la mbao, ambacho mimi nilikuwa nakichua kila jioni, ndicho walichokuwa wanakitafuta.

Wakamkalisha kitini aheme. Alirudi akijigamba: "Mke wangu, nimepata kazi ya kuhema, na chai juu." Siku ya mwisho usingizi ukampitia hapo hapo kitini. Masikio hakumwamsha, akaacha mashine iende. Sinema haijakamilika, akatutoka. Hayo unayajua.

Siku ya kuonyeshwa, ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Taa zikazimwa, na kabla ya picha yoyote ikaja pumzi. Wifi, nilisikia joto shingoni, kama pale alipokuwa akilala nyuma yangu. Watu wakaacha kutafuna. Kaka mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake kuwa huyu muigizaji anaijua kazi. Kijiko akashuka mapajani mwangu, akaanza kuchungulia chini ya viti.

Mama hakumaliza. Nilimkuta nje, viatu mkononi. Akaniambia, "Nimeshamzika mwanangu. Siwezi kumzika tena kila wakizima taa."

Basi hapo ndipo tulipo. Wengi wameisifu, wengine wametoka wakisema inatisha mno. Inataka kupelekwa nchi za mbali, pengine hata huko kwako. Mwongozaji, dada mmoja mpole, alikuja mwenyewe akakaa kwenye kochi letu lililobonyea. Akasema familia ikikataa ataiondoa pumzi yote, aweke ya yule kijana. Neno ameachiwa Mama, na kesho anarudi kuchukua jibu.

Mimi nataka ibaki. Silisemi, maana yeye ndiye aliyemzaa. Lakini Mama alitoka kabla ya mwisho. Hajui kwamba yule mtu anaokolewa. Mlango unafunguliwa, anavutwa ndani, anafunikwa blanketi, analala. Na pumzi unayoisikia hapo ni ile ya kitini, ya kaka yako aliyelala kweli, haikwaruzi, imetulia kama ya mtoto. Kule hafi, wifi. Kila wakiiwasha, anafika. Nami nataka Kijiko akikua aisikie. Picha za baba yake tunazo, lakini picha haihemi.

Masikio ameniwekea kipande hicho cha mwisho kwenye redio ndogo, ni kubonyeza tu. Nimeiacha kando ya kitanda cha Mama tangu juzi. Kaifunika kitambaa, hajaigusa.

Nisalimie mumeo, na wale mapacha waambie binamu yao ameshapata helmeti. Mama anakusalimu, anasema unenepe kidogo. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe mlangoni kwetu mzima wa kifua.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukininunia,
Mama Kijiko

Nimeifungua tena bahasha. Kuna mtu anahema upande wa pili wa ukuta. Nimechungulia chini ya meza nikidhani ni Kijiko, kumbe yeye kasinzia miguuni kwangu, mdomo wazi, hana sufuria. Inatoka chumbani kwa Mama. Naogopa hata kusogeza kiti. Sasa ananiita, taratibu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba: "Mama Kijiko, njoo usikie. Amelala." Ngoja niende, wifi, nikirudi nita