Maneno Yale Yale kwa Watu Arobaini na Mmoja

Siku ya tatu, 14 mwezi wa saba
Barua arobaini na moja zimepotea. Tangu siku ya kwanza ya juma lililopita hakuna hata moja iliyofika. Nimejua leo tu.

Nilifungua siberi yangu, chumba cha intaneti katika mtaa wa Shari, hapa Bunia, kama kawaida. Kupanguza vumbi, kuwasha mashine. Mama Furaha alikuwa wa kwanza. Amekimbia vita vya Djugu, analala kambini. Watu wa kambi ninawaandikia imeli mimi, kwa anwani ya siberi.

"Papa Siberi, Bahati amejibu?"

Bahati ni mwanawe, yuko Kampala. Hajajibu.

"Basi mutoto amenikataa. Siku ya posho, ile ya sita, camion ya mizigo inarudia kwetu. Naenda nayo."

Kule bado wanaua. Nyuma yake mtu akacheka: siberi hii inakula barua kuliko mbuzi! Niliumia.

Jioni dada yangu Neema, aliyesoma Uganda, alipekua mashine. Zilikuwepo taarifa za Kiingereza: barua yako imezuiwa. Nilikuwa nazitupa bila kusoma. Niliziita takataka.

Tumeiandikia kampuni ya imeli.

Siku ya ine, 15
Wamejibu. Anwani moja, maneno yale yale, watu wengi, wote wakiombwa msaada haraka. Kwao hiyo ni takataka.

Hasira kwanza. Watu waliochomewa nyumba, takataka?

Kisha nikazisoma barua zote. "Tuko wazima sote kwa neema ya Mungu. Tumekimbia. Tusaidieni haraka." Ni maneno yangu. Nilikuwa nabadilisha majina tu, foleni iende mbio. Nilijisifu kwa akili hiyo.

Mama Furaha alikuwa ametoka kufiwa na mume. Nilimwandikia: tuko wazima sote.

Wanafungua kwa sharti: kila mtu anwani yake, maneno yake. Nimekubali.

Siku ya tano, 16
Wamefungua. Nilimtumia Neema moja ya kujaribu. Imefika.

Mama Furaha alikuja kuaga. Nilimwambia mbele ya foleni yote. Mwanao hakukukataa. Barua haikutoka. Kosa ni langu.

"Weye ulisema imeenda."

Nilisema, ndiyo.

Afadhali angenipiga. Aliketi, akaweka kifurushi chake chini.

"Andika. Maneno yangu, si yako."

Nimemfungulia anwani yake, nimeandika alivyosema, bila kuongeza salamu:

"Bahati, ni mama yako. Baba yako walimuua siku tulipokimbia. Hatukumuzika. Nilitoka na mbuzi ya tumbo nyeupe, nguo zikabakia. Niko Bunia. Kama hunitaki, narudia kwa baba yako. Unanipokea ao hapana? Sema neno moja, mbele ya kesho saa kumi na mbili ya asubui. Camion haingoje."

Imetoka. Hakuna taarifa ya kuzuiwa iliyorudi. Ameketi karibu na mashine. Nimemletea chai. Usiku huu mlango sifungi, tunangoja jibu la Bahati.