Treni Ikipita Kimya

Jumatatu, 3 Juni 2024

Treni tena. Philemoni alikuwa na chai mkononi. Honi ikalia kule kwenye kivuko — kikombe chini! Mguu wa kulia unakandamiza sakafu, mikono inavuta breki ambayo haipo. "Ondoka mama! Ondoka!" Kisha akalia. Mume wangu, dereva wa treni miaka yote ile, analia kama mtoto.

Tangu amgonge yule mama mwaka juzi, njia ya Tanga, ndiyo hali yetu. Alipiga honi mpaka mwisho, mama hakutoka. Kazi akaacha. Na sisi nyumba tumejenga hapa Sokon, ubavuni mwa reli — akili gani hii!

Jumapili, 9 Juni

Mkutano wa mtaa baada ya ibada. Nilisimama nikasema yote, aibu nikaiweka pembeni. Kumbe si mimi tu. Wenye watoto wachanga nao honi imewachosha.

Mwenyekiti Fanuel anasema watu wa reli watajaribu kupitisha treni kimya, ila kwa sharti. Kivuko kikubwa kiwe na geti na mlinzi, na njia ya panya ya hapa karibu nasi, kwa Mzee Elisaria, ifungwe. Mzee akagoma. Duka lake liko palepale, wateja wapite wapi? Watu wakamuunga mkono. Nimerudi hoi.

Jumatano, 12 Juni

Leo honi imelia, Philemoni kajigonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Damu! Vidonge vya daktari vinamlaza tu. Binti yetu Jackline anasema tumpeleke Machame, migombani. Si tulimpeleka Pasaka? Alitoroka, tukamkuta barabarani anatembea kurudi huku.

Basi nimefanya. Nilichuma jani la sale uani nikaenda dukani kwa Mzee Elisaria. Mmachame mwenzetu, ukiletewa sale hukatai. Aliliangalia lile jani mpaka nikaona haya.

"Mama Jackline, sale ni la kuombea msamaha. Umenikosea nini?"

Nikapiga magoti. Akalipokea, akasema basi, wafunge. Hakuniaga.

Jumamosi, 29 Juni

Wamefunga. Seng'enge na mataruma ya reli ya zamani. Mzee kakaa dukani peke yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia akiangalia pembeni. Sijali. Nasema sijali!

Jumatatu, 15 Julai

Kimya! Treni imepita kishindo tu, sahani zikagongana kabatini. Honi hakuna. Nikamwangalia Philemoni — katulia. Asante Yesu, nikasema, kwa sauti kabisa.

Kumbe alikuwa anaisubiri. Uso ukamparama. Akaniuliza kwa nini dereva hajapiga honi. Nikaanza kumweleza habari ya mkutano, hakungoja. Akachukua kitenge changu chekundu, akatoka mbio.

Jumanne, 23 Julai

Sasa ndiyo kazi yake. Ardhi ikitetemeka tu, yuko relini, anapunga kitenge, anafukuza watu. Wanamwita chizi. Na hao wenye akili! Seng'enge wameshaikata, wanapita palepale, masikio yamezibwa na muziki. Mlinzi yuko kule getini, huku hafiki. Leo treni ilimpita Philemoni karibu mno, kitenge kikapeperuka na upepo wake. Nilikaa chini kwenye vumbi.

Nimekwenda kwa Fanuel, warudishe honi. Akashangaa. Si ni wewe uliyelia mbele ya mkutano? Atapeleka maombi, nisubiri. Nisubiri nini, mazishi? Mzee Elisaria ndiye angenisaidia kusema, wanamsikiliza. Lakini nitamwendea na nini mimi? Sale nimeshalitumia vibaya.

Alhamisi, 25 Julai

Nimefunga mlango. Madirisha yana nondo. Naandika huku nimeuegemea. Philemoni hagombi, hanisukumi. Kasimama mbele yangu na kitenge chake. Heri angenitukana.

Meza inatetemeka. Inakuja.

"Mama Jackline, nifungulie. Kuna mtu."

Namwambia hakuna mtu, baba, kaa. Anasema tu nifungulie, nifungulie, taratibu, kama anayemwomba bosi wake ruhusa.

Na mimi nasikia. Kule kwa Mzee Elisaria mwanamke anacheka, anamwambia mwenzake amshikie ndoo, seng'enge imemnasa sketi. Treni naisikia pia. Mungu wangu, ufunguo ninao mimi.