Anga Halikunywa Peke Yake

Serengeti, 14 Oktoba 1976

Kwa dada yangu Boke, huko Nyarero,

Shikamoo dada. Magoti yanasemaje na baridi ya huko? Na shemeji, na wajukuu? Huku tu wazima, ila jua limetukalia kichwani. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Katika kisomo cha wazee hakuna anayenifikia. Hata mwalimu anajua, ingawa hasemi.

Kwa kusoma huko nilipewa kazi kubwa. Bwana Tomaso, mtaalamu wa maji, aliweka karai pana la bati uwanjani, akalijaza. Alisema jua na upepo hunywa maji kila siku, na lazima ijulikane ni kiasi gani kabla hatujachimbiwa bwawa. Kila asubuhi nachomeka kijiti chenye alama, naandika yaliyopungua, najaza tena kutoka mapipa yake. Miezi mitatu sikukosa siku! Mke wangu Rhobi hunicheka, eti nashika kalamu kama nimekaba nyoka.

Juzi Bwana Tomaso alisoma daftari langu mkutanoni. Akasema hajaona mahali anga linapokunywa namna hii. Bwawa letu litakauka kabla ya Krismasi, afadhali lichimbwe kijiji kingine. Rhobi akatazama debe lake, analobeba kutoka mtoni, maili sita kwenda na kurudi.

Dada, sasa nakuambia. Yule ng'ombe mwekundu, wa mwisho wa ukoo wa ng'ombe za mahari yako, alikufa Agosti akaacha ndama jike. Ndama huyo hakuwa na nguvu za kufika mtoni. Kwa ng'ombe zako nilimwoa Rhobi. Ningemtazama huyo akifa? Nikamwachia anywe karaini. Daftarini sikudanganya: niliandika yaliyopungua. Hakuna aliyeniambia niandike nani kanywa.

Lakini debe lile lilinishinda. Nikasimama, nikasema anga halikunywa peke yake. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Bwana Tomaso akafuta kurasa zote tangu Agosti, akasema shauri la bwawa lingoje, tupime upya. Daftari kaniachia, maana nani mwingine? Ila karai nimelizungushia miiba.

Rhobi aliniita mpumbavu njia nzima. Jioni akarudi kutoka mtoni, akatua debe, na kabla hajanipa mimi maji, akampa ndama wako.

Njoo umwone. Tumemwita Boke, naye ni mbishi. Shemeji umwambie namsalimu, na wajukuu uwashike vichwa kwa niaba yangu.

Ni mimi, mdogo wako kwa umri tu,
Nyangwine