Simu Sita za Lusungu

Benedikto, sikuwa na chaji, sikuwa na mtandao, sikuwa hata karibu na simu. Ndivyo nilivyomwambia mjane wa Lusungu leo msibani, mbele ya watu.

Uongo mtupu! Simu ilikuwa imejaa chaji, kando ya sahani yangu.

Unaijua sheria yangu: nikiwa mezani sipokei simu ya mtu. Lusungu alipiga mara sita. Niliigeuza kifudifudi, nikamwambia mke wangu, "Gladness, hiki ni chombo, hakiniamrishi." Nikaendelea na ndizi zangu.

Mara sita, Benedikto. Nikanawa mikono ndipo nikampigia. Akapokea binti yake, analia: "Shikamoo baba mdogo. Baba alikuwa anakutafuta uje na gari tumpeleke hospitali. Ameshafariki."

Na leo mjane kanishika mkono: "Pole shemeji. Alisema, Isack akiiona tu simu yangu, atakuja."

Ananipa pole mimi!

Nimemwandikia mjane ukweli wote kwa mkono. Simu nimeiweka mezani, uso juu, akipiga nitapokea. Bahasha nimeifunga kwa gundi, na Gladness ameshatoka nayo.