Komeo la Chumba cha Mafaili

Kabuga, Kigali
19 Juni 2025

Mpendwa Mama Mdogo Ansila,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na Kaliza, ameshajifungua? Mimi mwilini ni mzima, namshukuru Mungu, ila usingizi umenikimbia, na sababu yake sijamwambia hata Mama.

Unajua ofisini kwetu, dawati la ustawi wa jamii, tuko wanawake watatu. Zaituni ni Mwislamu, mzaliwa wa Nyamirambo. Gwiza ni mlokole. Mimi ndiye Mkatoliki wako. Zaituni huswali adhuhuri katika chumba cha mafaili, na Gwiza alikuwa akinung'unika kwamba ofisi ya serikali si msikiti. Mwezi mzima walikuwa wakisalimiana kwa shingo upande.

Majuma mawili yaliyopita, Jumanne asubuhi, alikuja mama mmoja, Uwineza, jicho limefumba kwa kipigo, akitaka kumshtaki mumewe. Hatujamaliza hata kuandika jina lake, mume mwenyewe, Mugabo, akaingia na panga. Zaituni akamvuta yule mama hadi chumba cha mafaili. Nikawafuata mbio. Gwiza alibaki nje ya mlango wa chumba hicho, mikono ameitandaza, akipaza sauti, "Kwa jina la Yesu, rudi!"

Panga likamshukia mkononi. Niliusikia mfupa, Mama Mdogo. Nikafunga komeo.

Gwiza akaanza kugonga. "Eustadia, fungua! Ananiua!"

Nikaling'ang'ania komeo kwa mikono miwili. Zaituni akanipiga kofi, akanisukuma, akafungua. Akamvuta Gwiza ndani kwa nguo, na Mugabo alipoingiza mkono, akaubana kwa mlango kwa uzito wake wote mpaka panga likaanguka. Wanaume waliokuwa kwenye foleni nje wakamrukia, wakampiga hadi polisi walipofika. Damu ilitapakaa mpaka kwenye mkeka wa kuswalia.

Hospitalini, kabla ya kupasuliwa, Gwiza alimwambia Zaituni, "Niombee."

"Nitaomba ninavyojua mimi. Unakubali?"

"Omba tu, dada. Mimi maneno yamenikwama."

Zaituni akasoma Kiarabu chake taratibu, kiganja kwenye paji la uso la mlokole. Mimi nilisimama ukutani na rozari mfukoni, nikashindwa hata kuitoa.

Gwiza amekatwa vidole viwili. Mugabo yuko ndani. Uwineza ameandikisha mashtaka.

Niliungama kwa padri, akaniondolea dhambi. Lakini aliyegonga mlango hakuwa padri. Jana nikaenda kwa Gwiza, nikapiga magoti, nikamwambia ni mimi niliyefunga.

"Najua. Nilikusikia ukilia ndani."

Hakusema amenisamehe. Aliponiona nainuka kuondoka, akagusa kichwa chake kwa mkono mzima. "Kesho uje unisuke. Zaituni alijaribu, ameniharibu."

Leo nitaenda.

Nisalimie sana Mjomba Ambrose, na Kaliza, na mtoto kama ameshafika. Mungu awalinde mnapotoka na mnaporudi.

Mwanao anayekupenda na kukukumbuka,
Eustadia