Kivuli cha Jogoo wa Bibi Sabaha

Adinani, leo mtu kaniambia mbele ya watu kwamba anayechora kwa kufuatisha ni mwizi. Mwizi, mimi! Nimemkumbuka bibi yangu Sabaha, nimeshindwa kunyamaza.

Nachingwea, 1951, matrekta ya karanga yanatikisa kuta. Sabaha anamwozesha binti yake Rabia, na foronya za harusi lazima zikaguliwe na shangazi wa bwana harusi. Zikikataliwa, Rabia ataingia ukweni kichwa chini.

Basi Sabaha akamfunga jogoo mguu, akatundika kitambaa cha foronya ukutani, kivuli kikaangukia hapo, akakifuatisha kwa penseli. Jogoo alitulia kama anapigwa picha, tena akavuta pumzi kifua kitokeze. Siongezi chumvi. Kisha Sabaha akadarizi kwa uzi mwekundu mpaka vidole vikaota sugu.

Shangazi huyo, Moza, akafika kutoka Chunyu, akaigeuza foronya, akacheka.

“Mama Rabia, nasikia umefuatisha kivuli. Basi kazi kafanya kivuli, si wewe.”

Si wewe, Adinani. Mbele ya wanawake wote.

Sabaha akatundika kitambaa kipya, akachomeka sindano yenye uzi, akamtandikia Moza mkeka juani.

“Kaa hapo, mkwe wangu. Kivuli chako hicho, pua na yote.”

Moza akakaa. Wanawake wakakaa. Jua likasogea, jasho likamtiririka.

“Sasa tunangoja nini?”

“Tunangoja kishone.”

Foronya alizikunja Moza mwenyewe, akazitia kwenye sanduku la Rabia.